Kwenda kuona nyangumi Watamu: vile mimi hupanga safari

Kila ikifika mwezi wa saba simu yangu haitulii. Binamu wa Nairobi, rafiki wa binamu, mwalimu mmoja tulisoma naye, wote swali ni lile lile, "tunakuja wikendi, nyangumi wanaonekana saa ngapi?" Utadhani ni matatu, wana steji na makanga. Nimechoka kujibu mmoja mmoja nikaona niandike yote mara moja, mtu akiniuliza tena namrushia hii asome. Mie ni mtu wa Malindi, jirani na Watamu huku pwani ya Kenya, sina boti wala siuzi safari, nimepanda tu mara kadhaa na mara moja nimetapika vibaya, kwa hivyo haya ni ya mtu aliyejifunza kwa tumbo lake mwenyewe.

Jambo moja lishike kabla hatujaanza. Nyangumi wanakuja na kusi, ule upepo wa kusini. Yaani msimu wao ndio ule ule msimu bahari imechafuka, hivyo viwili haviachani, na karibu kila kosa ambalo watu hufanya linatoka hapo. Ukipanga kama unaenda pikiniki utarudi umelowa, umetapika, na ulichokiona ni mgongo wa mwenzako tu.

HATUA YA 1: TAREHE

Julai mpaka Septemba ndio penyewe. Wachache huonekana mwisho wa Juni, na kuna wanaochelewa mpaka Oktoba, lakini usije ukaweka pesa yako hapo. Wengi wa huku ni wale wa nundu (humpback), wanatoka Antaktika, chakula chao kiko kule kwenye baridi, vidudu kama kamba wadogo wadogo, wakishashiba wanapanda kaskazini maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kutafutana kwenye maji ya uvuguvugu. Mtoto anazaliwa ana mita nne hivi lakini mafuta mwilini bado hana ya kutosha, baridi ya kule ingemshinda, ndio mama anamleta huku. Na huyo mama miezi yote hiyo karibu hali kitu, ananyonyesha tu kwa mafuta aliyokuja nayo. Hilo la mama kutokula liweke kichwani, ntalirudia.

Ukiniuliza mie, mwisho wa Agosti kwenda katikati ya Septemba ndio bora. Kusi inaanza kulegea, bado wapo, na kina mama na watoto wao unaweza ukawapata. Agosti yenyewe ina mambo mawili: shule zimefunga kwa hivyo Nairobi yote inashuka pwani, na Waitaliano wako likizo kwao kwa hivyo Watamu inajaa, bei ya vyumba inapanda bila kuomba ruhusa. Julai vyumba vipo lakini bahari haina adabu.

Tena usichanganye nyangumi na papa shilingi. Huyu wa pili ni samaki, mkubwa sana ndio, ana madoadoa meupe kama sarafu mgongoni ndio maana akaitwa hivyo, na yeye huonekana zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia kama Oktoba mpaka Machi. Kuna jamaa alikuja Desemba ameambiwa na mtu wa ufukweni "nyangumi wapo wengi tu bosi", akalipa, akazungushwa masaa matatu. Desemba! Muuzaji hakukosea, alichotaka ni kuuza na aliuza.

Ukishapata wiki yako angalia na mwezi angani. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, yakipwa, ndani ya mwamba wa matumbawe panabaki kina cha magoti na boti haziwezi kutoka wala kurudi saa unayotaka wewe. Halafu pale karibu na mdomo wa Mida, ile hori yenye mikoko, maji yakitoka kwa kasi yakakutana na wimbi la kusi, panachemka kama sufuria. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo ni mepesi. Nahodha yeyote wa kweli atakupa hesabu hii bila kufungua simu.

HATUA YA 2: NUNUA ASUBUHI MBILI, SIO MOJA

Hii ndio wengi wanaipuuza. Mtu anafika Ijumaa usiku, amebuki boti Jumamosi, Jumapili anarudi. Jumamosi upepo unakataa, nahodha anasema hapana, safari imeisha hapo. Au mbaya zaidi, nahodha anaona huruma (au anaona pesa) anasema twende tu.

Panga usiku tatu. Asubuhi ya kwanza ndio ya boti, ya pili ni akiba, na mwambie nahodha hivyo tangu mwanzo, "tukikosa kesho tunaenda keshokutwa". Ukipata siku ya kwanza basi ya pili ni yako ya kutembea, utakosaje la kufanya Watamu. Na ukitoka siku zote mbili usiwaone, nayo ipo hiyo, hawa hawajafungwa na mtu.

HATUA YA 3: KUFIKA

Kutoka Nairobi, ndege zinatua Malindi kwa saa moja hivi, ni rahisi kwa mwili na ghali kwa mfuko. Treni inakuleta mpaka Miritini, sio mjini, watu wengi wa bara bado wanashangaa hapo, inabidi upande tena gari mpaka mjini ndio utafute matatu za Malindi. Tiketi za treni za Agosti zinaisha mapema kwa hivyo usingoje wiki ya mwisho.

Mombasa mpaka Malindi ni kama kilomita 120 na kwenye karatasi ni masaa mawili. Kwenye karatasi. Foleni ya Mtwapa haisomi karatasi. Mwambie makanga unashuka Gede, usiende mpaka Malindi halafu urudi, na pale Gede unachukua tuktuk au boda, zile kilomita chache za kuingia Watamu. Ukipita Kilifi utauziwa korosho dirishani, nunua, lakini hesabu chenji yako kabla gari haijang'oa.

HATUA YA 4: PA KULALA

Lala Watamu penyewe, wala sikuambii hivi kwa sababu nawachukia watu wangu wa Malindi. Boti inatoka alfajiri, na tuktuk ya saa kumi na moja ya usiku kutoka Malindi ni lazima umpange mtu, na huyo mtu ni lazima aamke. Gesti za kijijini na upande wa Timboni ni nafuu kuliko za ufukweni na uko dakika chache tu na maji. Uliza mambo matatu: maji yapo muda wote? neti haina matundu? na kuna mtu wa kufungua geti saa kumi na moja alfajiri? Hilo la mwisho utalikumbuka siku umesimama ndani ya uwanja na begi mgongoni unamwita askari aliyelala.

HATUA YA 5: BOTI NA NAHODHA, HAPA USIFANYE HARAKA

Ntakwambia yangu. Mwaka wa kwanza nilikwenda na binamu yangu wa kike, tukachukua boti ya bei ya chini tuliyoambiwa na kijana tuliyekutana naye mchangani. Mashine moja. Laifjaketi nne na sisi tulikuwa saba. Tukavuka mwamba vizuri, tukamwona nyangumi kwa mbali, jamaa akakanyaga mafuta moja kwa moja kumfuata, nyangumi akazama, akatokea kwingine, tukamfuata tena, mara ya tatu mashine ikakohoa ikazima. Sasa boti ikiwa haina mwendo inakaa ubavu kwa wimbi, inalala huku inalala kule, na moshi wa petroli umejaa puani. Dada wa watu alikuwa ameshika mkono wangu, na mie ile chai ya maziwa na mahamri sita niliyokula saa kumi na moja yote ikamwagikia kwenye leso yake. Mpaka leo kwenye harusi za familia naitwa Nyangumi. Mashine iliwaka baada ya nusu saa hivi, nusu saa ndefu kuliko Ramadhani.

Kwa hivyo sasa kabla ya kulipa huwa naenda kuiona boti jioni kwa macho yangu, sikubali picha ya simu. Naangalia mashine ni mbili. Naangalia laifjaketi zinatosha na kama kuna watoto zipo za watoto, maana ya mtu mzima mtoto anaichomoka akiangukia majini. Nauliza redio iko, na kama kuna mtu nchi kavu anayejua tumetoka na tunarudi saa ngapi. Boti za kioo, zile za kuangalia matumbawe, ni nzuri sana kwa kazi yake ndani ya mwamba, usikubali ikutoe nje kwenye bahari kuu wakati wa kusi hata mtu akiapa kwa mama yake.

Halafu kuna swali langu la mtego. Namuuliza nahodha kama mtu asiyejua, "utatusogeza karibu kiasi gani?" Akisema "mpaka umguse" namshukuru naondoka. Akisema "inategemea na yeye mwenyewe nyangumi" huyo namlipa. Bora zaidi wale waliozoea kutoka na wavuvi wa spoti, Watamu ina historia ndefu ya uvuvi huo, hawa wanajua kina kinaanzia wapi na wanaambiana kwenye redio nani ameona nini na wapi.

Kuhusu pesa, ulizeni bei ni ya boti nzima au ya kichwa, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mkiwa sita saba boti nzima huwa nafuu. Tiketi ya hifadhi ya bahari ya KWS (shirika la wanyamapori) imo ndani ya bei au mnalipa wenyewe? Mara nyingi mnatoka kupitia hifadhi, na siku hizi wanalipwa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, sio noti mkononi, kwa hivyo lipia jioni ukiwa na intaneti nzuri na ubebe kitambulisho, bei ya mwananchi na ya mgeni hazikaribiani. Nahodha mpe sehemu tu ya pesa kwa M-Pesa, iliyobaki mkirudi. Na mkubaliane mapema, bahari ikikataa pesa inahamia kesho, na msipoona nyangumi hamrudishiwi, ndio haki, petroli imeshachomeka.

Bichi boi atakufuata, ndio, atakusalimia kwa Kiitaliano kwanza hata kama umetoka Kakamega. Usimdharau, wengine ni mabaharia wazuri kabisa. Mwambie tu "nipeleke kwa nahodha niongee naye mwenyewe".

HATUA YA 6: USIKU WA KUAMKIA

Kula mapema na kula vikavu. Biriani ya saa tatu usiku iache. Dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari muulize mfamasia, hasa kama una mimba, una presha au ni mtoto, na uimeze kabla ya kupanda kama alivyokuelekeza, ukishaanza kulewa bahari umeshachelewa, itatoka pamoja na vingine. Asubuhi mie sasa nakula mkate mkavu na chai ya rangi ya tangawizi, mahamri yanangoja nikirudi.

Beba koti la mvua au hata jaketi la boda, kusi asubuhi ina baridi ambayo mtu haitegemei Watamu. Kofia iwe ya kufunga chini ya kidevu. Mafuta ya jua, maji, leso mbili (unajua kwa nini), mfuko wa plastiki mgumu wa kufunga simu, darubini kama unaweza kuazima. Miguuni vaa ndara za kufunga, manake kupanda na kushuka ni kwenye maji, na kwenye maji kuna mawe na kuna viumbe vya miba.

HATUA YA 7: BAHARINI

Ondokeni saa kumi na mbili, mwisho saa moja kasoro. Upepo unaamka pamoja na jua, ikifika saa tano bahari ni nyingine kabisa, kwa hivyo hesabu masaa matatu manne halafu geuzeni. Kaa nyuma kuelekea tezi, omo (mbele) inaruka sana. Tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu, acha simu, ukitazama simu kwa dakika tano umekwisha.

Mnatafuta pumzi. Nyangumi akitoa hewa unaona moshi mweupe umesimama juu ya maji mita tatu hivi, halafu upepo unaufuta. Ukiona, usipige kelele "pale! pale!" sote tunageuka kila mtu kwake. Wageni hutumia saa ya ukutani, eti omo ni saa kumi na mbili, sasa kwetu mshale ukiwa hapo juu ni saa sita, siku moja nusu ya boti ilitazama mbele na nusu ikatazama sijui wapi. Sema tu omo, tezi, upande wa bara, upande wa bahari. Inatosha.

Akizama akainua mkia, hapo amekwenda chini kweli, anaweza kukaa dakika tano, kumi, hata zaidi. Tazama pale alipozamia, mkia ukipiga chini ya maji unasukuma maji juu, panabaki duara laini lisilo na mawimbi, kama mtu amemwaga mafuta ya kupikia. Kusi yote inachemka pembeni na pale katikati pametulia tuli. Mie kile kiduara ndicho nakipenda kuliko hata wakiruka. Wakiruka nako ni kitu kingine, mnyama wa tani ishirini na zaidi ametoka karibu mwili mzima, na macho yanaona kwanza, kishindo kinakufikia baadaye kidogo, kama kumwona mtu wa mbali akipasua kuni.

Sasa umbali. Mita mia moja, msiingie ndani yake, na mama na mtoto muongeze. Mwendo wa polepole, mkae ubavuni au nyuma, kamwe msimkate mbele wala msipite kati ya mama na mwanawe. Akiwageukia nyinyi mwenyewe, weka mashine bila gia, mngoje. Dakika ishirini au nusu saa zinatosha, muachieni. Nilisema nitarudia la mama kutokula: kila mkimfukuza anachoma mafuta ambayo hana pa kuyanunua mpaka arudi Antaktika, na mtoto anayanyonya hayo hayo. Hawa wa nundu karne iliyopita waliuawa zaidi ya laki mbili katika bahari za kusini mwa dunia. Kituo cha kuwinda nyangumi cha Durban, njiani mwao kuja kwetu, kimefungwa 1975 tu, ingawa wa nundu walikuwa wamekatazwa kuwindwa kabla ya hapo. Wameanza kurudi. Sisi tusiwe wa kuwapa presha kwa ajili ya video ya sekunde kumi. Ukiona nahodha anafukuza sema, pesa ni yako, na kuruka majini kuogelea nao usifikirie kabisa.

Msipopata nyangumi mara nyingi mtapata pomboo, wale wanaojirusha na kujizungusha hewani kama pia ya kuchezea. Watoto hawajui tofauti, watafurahi vile vile.

HATUA YA 8: PICHA MOJA YA MAANA

Video za mgongo mweusi unaopotea kwenye maji kila mtu anazo na hakuna anayezitazama mara ya pili. Ngoja mkia. Upande wa chini wa mkia kila nyangumi ana weupe na weusi wake, makovu yake, hakuna wawili sawa, ni kama alama za vidole. Kamera yenye lenzi ndefu ni bora, lakini hata simu, shika kwa mikono miwili, usivute picha sana, piga mfululizo wakati mgongo umeanza kujikunja maana hapo ndio mkia unafuata. Andika tarehe, saa na mlikuwa wapi. Watamu Marine Association wanafuatilia nyangumi na pomboo wa huku, na kuna tovuti ya Happywhale ambapo mtu wa kawaida anaweka picha ya mkia na wanailinganisha na za mahali pengine duniani.

HATUA YA 9: MKIRUDI

Kalaleni kwanza, mwili utakuwa bado unayumba hata mkiwa kitandani. Jioni nendeni Dabaso, pale Crab Shack ya wanakijiji juu ya mikoko ya Mida, samosa za kaa na jua linazama. Siku ya akiba kama hamkuihitaji ingieni magofu ya Gede, yameingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2024 na bado watu wanayapita kwenye matatu wakikimbilia ufukweni. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapo hapo ng'ambo ya barabara.

Matatu za kurudi Mombasa zinapita Gede zikitoka Malindi, na Jumapili mchana zinapita zimejaa. Mkiwa wengi pandeni tuktuk mpaka Malindi mkapandie mwanzo, mtapata viti, na mkifika nipigieni, yale mahamri niliyowaambia mwache yatakuwa mezani kwangu na mbaazi zake.